Kozi ya kuchora maua bila kuogopa doa: maoni yangu baada ya kuimaliza

Naanza na hukumu kabisa, asiye na muda asome hapa aendelee na shughuli zake: hii kozi ni nzuri, nzuri kweli, kama unataka kujifunza kuchora maua kwa rangi za maji kwa ule mtindo wa kuachia, yaani petali haizungushiwi mstari, rangi inatembea yenyewe, na ua linaonekana ua bila mtu kuhesabu kila mshipa. Nimeipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoizuia nitaieleza huko mbele, sababu yake sio ndogo, na nadhani inawahusu walimu wengi wa huu mtindo, sio huyu peke yake.

Kozi yenyewe ni vidio zilizorekodiwa, unalipia mara moja zinabaki zako, unaangalia kwa simu au kompyuta muda unaotaka. Mada ni moja tu, maua, na msimamo ni mmoja, kwamba ua la rangi za maji linapendeza zaidi likiachiwa dosari zake: ukingo uliovuja, petali iliyozidi upande mmoja, doa lililojitokeza lenyewe, sehemu nyeupe ambayo brashi iliruka. Tangu mwanzo mpaka mwisho penseli haigusi karatasi. Hapo ndipo wengi wanashtuka, kwasababu tumezoea kuchora ua kwa penseli kwanza, tunafuta, tunachora tena, halafu tunajaza rangi ndani ya mistari kwa woga kama mtu anayejaza fomu ya serikali. Huyu mwalimu anakunyang'anya ile mistari mapema kabisa, unabaki na brashi na maji tu, na aisee mkono unakuwa mwepesi.

Somo la kwanza halina ua lolote, ni maji. Unalowesha karatasi, unaiinamisha kuelekea kwenye mwanga, unaangalia inavyong'aa. Mwanzo maji yametuama juu, yanameremeta. Subiri kidogo, yanazama, unabaki mng'ao laini usio na vidimbwi. Subiri tena, mng'ao unaondoka lakini ukiweka mgongo wa kidole karatasi bado ya baridi. Mwisho hata ule ubaridi unaisha, hapo imekauka. Kwenye kila hatua mwalimu anagusa na brashi yenye rangi ileile anakuacha uone mwenyewe: kwenye maji yaliyotuama rangi inakimbia kila upande na kufifia, kwenye mng'ao laini inatanuka taratibu na kingo zinayeyuka, kwenye hatua ya tatu, ile ya ubaridi, ndio vituko vinaanza, na kwenye karatasi kavu unapata mstari mkali. Mafunzo mengi ya bure yanakwambia lowesha karatasi halafu basi, ulowe kiasi gani, ungoje mpaka lini, hakuna anayesema. Hapa umeonyeshwa, na kamera imesogezwa karibu mpaka unaona vinundu vya karatasi.

Ngoja niikalie hiyo hatua ya tatu maana ndio roho ya kozi nzima. Karatasi ikiwa inaelekea kukauka halafu ukaigusa na brashi yenye maji mengi kuliko yaliyobaki kwenye karatasi, yale maji mapya yanasukuma chembe za rangi kwenda nje, yanazisukuma mpaka pale yanapoishiwa nguvu, na chembe zinarundikana pembeni zinaacha ukingo wa meno meno, katikati pamepauka. Wengi tumefundishwa kwamba likitokea hilo doa basi kazi imeharibika. Mwalimu huyu analitengeneza kwa makusudi. Anapaka petali moja ya zambarau, anatulia, anadondosha tone la maji safi karibu na ukingo wa petali, halafu anaweka brashi chini kabisa na kamera anaiacha palepale. Unaona tone linafunguka, linaisukuma zambarau, ukingo unajikunja kunja, na baada ya muda mfupi petali imepata ile pindo ya kukunjamana ambayo mkono wa mtu ukiichora kwa kulazimisha inajulikana tu. Hili somo nimelirudia sana na kila nikirudia naona kitu, mfano kwamba tone lake ni dogo mno, na kwamba brashi aliifuta kwanza kwenye tishu kabla ya kulidondosha. Yaani hata hilo doa la "bahati" lina maandalizi, na hapa ndipo nilipompenda huyu mwalimu, kwasababu hakufichi hayo maandalizi, haleti uchawi.

Somo la waridi nalo limetulia. Anaanza katikati, rangi nzito, vistari vidogo vya mkunjo vinavyofuatana kwa mzunguko, na kati ya kistari na kistari anaacha nafasi nyeupe. Kisha anasuuza brashi, anaikamua kidogo, na hiyo brashi yenye maji karibu matupu anaigusisha kwenye vile vistari, rangi inavuta kuja nje, petali za nje zinakuwa kubwa na za kupauka, za ndani zinabaki ndogo na za giza. Zile nafasi nyeupe ndio mwanga wa ua. Ukizijaza zote ua linageuka kidonge. Anasisitiza usirudi nyuma kuzijaza hata kama mkono unawasha, na mkono utawasha kweli, maana jicho la anayechora huona pengo pale ambapo jicho la mtazamaji linaona mwanga.

Brashi ni moja karibu kozi nzima, ya mviringo, tumbo nene na ncha kali. Anasema namba 8 au 10 ila ujue namba za brashi hazifanani kampuni na kampuni, namba 8 ya huyu inaweza kuwa sawa na 10 ya yule, kwahiyo angalia tumbo linabeba maji kiasi gani na ncha inarudi vizuri ikilowa. Ya nyuzi za sintetiki inatosha, usidanganyike kwamba lazima uwe na ile ya manyoya ya mnyama.

Sasa karatasi. Hapa ndipo nilipokasirika.

Kwenye orodha ya vifaa kozi imeandika karatasi yoyote ya rangi za maji inafaa. Jamani hapana. Hii kauli nimeiona sehemu nyingi na inawavunja moyo watu wengi kuliko kitu kingine chochote kwenye huu uchoraji. Kuna karatasi za nyuzi za miti na kuna za pamba asilimia 100, na kwa mtindo huu wa kuachia maji yafanye kazi, tofauti yake ni mbingu na ardhi. Nyuzi za pamba ni ndefu na imara, na karatasi nzuri huwekewa gelatini au kitu cha kazi hiyo ili rangi isinywewe papo hapo, kwahiyo unyevu unakaa muda mrefu na unakaa sawasawa, unapata nafasi ya kuangalia, kuongeza rangi ya pili, kudondosha lile tone. Karatasi nyingi za bei ya chini za nyuzi za miti zinakauka haraka na zinakauka vipande vipande, huku bado kumelowa kule kumeshashika, ile hatua ya tatu inapita kabla hujamaliza kusuuza brashi, na ukirudia rudia uso wa karatasi unachubuka unatoa vibonge. Matokeo yake unafuata somo hatua kwa hatua na unapata michirizi ya ajabu, unaangalia kwenye vidio unaona petali laini, unaangalia kwako unaona kovu, unaanza kusema mimi sina kipaji. Kipaji kinahusika vipi hapo, ni karatasi! Na mwalimu mwenyewe kwenye vidio anatumia pamba, ukitazama kingo za karatasi yake hazijakatwa na mashine, zina zile nyuzi za kuchanika, na ni nene, hata ikiloa haijikunji. Kama wewe unatumia hiyo basi mwambie mwanafunzi aitumie.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa brashi nakubali, kwa paleti nakubali, sahani nyeupe ya kawaida inafaa kuchanganyia rangi. Kwa karatasi sikubali. Tafuta ya pamba, uzito wa gramu 300 kwa mita mraba, maana chini ya 200 inajikunja ikiloa na maji yanakusanyika kwenye mabonde, petali yako inafuata bonde badala ya kufuata brashi. Kwa upande wa uso kuna laini kabisa, kuna yenye vinundu vya wastani na kuna yenye vinundu vikubwa, anza na ya wastani, ndio inayokupa ile brashi kavu kuruka ruka na kuacha vidoa vyeupe bila kupoteza umbo. Ukiona ni ghali nunua shiti kubwa moja uikate robo robo au hata vipande vidogo kama kadi, na ukishachora mbele geuza nyuma uchore tena. Vipande vichache vya karatasi nzuri vitakufundisha zaidi ya daftari zima la karatasi mbaya.

Rangi hazijanisumbua ila kuna jambo. Kozi inatumia rangi chache tu na hilo ni zuri, rangi chache zikichanganyikana zenyewe kwenye karatasi zinaelewana, ua na jani vinakuwa ndugu kwasababu nyekundu ya petali imevujia kwenye kijani cha kikonyo. Anakuonyesha hilo vizuri kabisa, kikonyo anakivuta toka kwenye petali ikiwa bado mbichi, ile pinki inashuka mpaka katikati ya kijani na yeye haigusi. Tatizo ni kwamba anataja rangi kwa majina ya kampuni tu, na majina ya kampuni yanabadilika, wakati namba ya pigmenti, yaani ya ule unga wenyewe unaotoa rangi, iliyoandikwa nyuma ya tyubu ndio ukweli. Ntawapa mimi hapa: pinki ya waridi tafuta PV19 au PR122, zote za familia ya kwinakridoni, zinang'aa na hazififii haraka. Buluu tafuta PB29, ndio ultramarini, hii chembe zake zinatulia kwenye vinundu vya karatasi zinaacha unga unga fulani mzuri sana kwenye vivuli vya petali nyeupe. Kijani cha PG7 kina nguvu kupita kiasi na kinang'ang'ania karatasi, ukikidondosha pabaya hakifutiki, kwahiyo kitumie kidogo tena umekichanganya na nyekundu au kahawia. Tyubu yenye namba moja tu ya pigmenti ni bora kuliko yenye tatu nne, maana zile za mchanganyiko ukizichanganya tena zinakupa tope.

Halafu kuna ile pinki kali inayowaka, wanaipenda sana watu wa maua na mwalimu anaitumia mpaka kwenye ua la jalada. Ni nzuri machoni sikatai, lakini mwako wake mara nyingi unatoka kwenye daiyi ya floresenti, rangi ya kuyeyuka inayowaka kwenye mwanga, na hiyo inapauka ikikaa kwenye mwanga. Alizarini, ile nyekundu ya zamani yenye namba PR83, nayo hivohivo, inapauka. Kozi haijasema neno kuhusu hili, na mtu anaweza kuchora, akaweka fremu, akampa mama yake, baada ya muda waridi limebaki kivuli. Sio hadithi za kutishana, hata yule mchoraji maarufu Mholanzi Van Gogh yalimkuta. Mei 1890, karibu na kuondoka pale hospitali ya Saint-Rémy, Ufaransa, alikokuwa amelazwa, alichora mashada ya mawaridi na maua ya airisi kwa rangi za mafuta, na yale mawaridi tunayoyaona leo meupe meupe makumbusho yalikuwa ya pinki, rangi nyekundu aliyotumia ikaondoka na mwanga. Na alikuwa anajua rangi za wakati wake hazidumu, aliwahi kumwandikia ndugu yake Theo kwamba basi ndio sababu ya kuzitumia kwa nguvu, muda utazipooza. Kwahiyo angalia kwenye tyubu alama ya uimara kwenye mwanga, kwa mfumo wa ASTM, shirika la viwango la Marekani, zile daraja I na II ndio za kutumia kwa kazi unayotaka ibaki. Dosari ya maji naipokea kwa mikono miwili, ila rangi kupotea ukutani hiyo ni hasara tu.

Kuna somo fupi la historia ambalo wengine wataliruka, mimi nawashauri msiliruke, isipokuwa limepita mbio mno. Anaweka picha mbili pembeni kwa pembeni, moja ya Pierre-Joseph Redouté, aliyezaliwa 1759 akafariki 1840, yule aliyechora mawaridi kwa usahihi hata wanasayansi wa mimea wakamtegemea, na nyingine ya Yun Shouping wa China, 1633 mpaka 1690, anayejulikana kwa ule mtindo wanaouita mogu, maana yake bila mifupa, petali inajengwa kwa rangi na maji tu bila mstari wa wino kuzunguka. Ukikaa ukatazama hiyo ya Yun Shouping unaona petali ina rangi mbili zilizokutana zikiwa mbichi, hapa imezama hapa imepauka, hakuna ukingo mweusi, na bado unajua kabisa ni ua gani na limechanua kiasi gani. Kwahiyo hii kuachia sio mtindo wa juzi wa mitandaoni. Ningemuongeza hapo Mjerumani Emil Nolde, 1867 mpaka 1956, aliyekuwa analowesha karatasi ya Kijapani inayonyonya maji na kuzimwagia rangi zikutane humo, maua yake yanawaka mpaka leo. Mwalimu angekaa hapo kidogo, atulinganishie, atuambie kila mmoja aliachia nini na alishikilia nini, lingekuwa somo bora la kozi.

Maana kushikilia nako kupo. Somo la hibiskasi ndilo linaloonyesha hilo vizuri, na kwangu ndio somo la pili kwa ubora baada ya maji. Kabla ya kuchora anakuonyesha ua lenyewe: petali tano, kila moja imelalia jirani yake upande uleule kwa mzunguko, katikati unatoka ule mlingoti mrefu wenye chavua, na kwenye ncha kabisa vichwa vitano vidogo. Anakwambia hayo ndio ya kushikilia, mzunguko wa petali na mlingoti unatokea wapi. Mengine yote achia. Petali ya chini ikivuja sawa, ya kulia ikiwa kubwa kuliko ya kushoto sawa, kwani hata ua halisi liko hivo, kuna petali imetobolewa na mdudu, kuna nyingine ncha imeanza kukauka, hakuna ua hai lililo sawa pande zote. Lakini mlingoti ukitokea pembeni badala ya kwenye koo la ua, hapo huna ua, una kitambaa. Pia ua likiwa limegeuka upande, mdomo wake haubaki duara, unakuwa yai lililolala, na petali za mbele zinafupika. Ukilijua hilo unaweza kumwaga maji utakavyo na ua litasimama.

Majani ni udhaifu mkubwa. Somo la majani limefanywa kama la kumalizia muda, jani moja la kubonyeza brashi na kuinua, basi linarudiwa kwa kila ua, waridi majani hayo, hibiskasi majani hayo, yungiyungi (nasema lile la bustanini, lily, sio la majini) majani hayo. Sio kweli hata kidogo, jani la waridi lina vijani vitano au saba kwenye kikonyo kimoja na kingo za msumeno, la yungiyungi limenyooka refu, na hata kwa mtindo wa kuachia hivo vitu vinaweza kusemwa kwa mipigo miwili mitatu ya brashi. Jani likikosewa ua linaonekana limebandikwa.

Nafika sasa kwenye ile nyota. Mwalimu ana kauli anayoirudia karibu kila vidio, kwamba hakuna kosa, kila kinachotokea ni kizuri. Naelewa anataka kutoa watu woga, na kwa anayeanza kabisa huo ni msaada, lakini kauli yenyewe sio kweli na yeye mwenyewe haifuati. Mtazame mikono: kuna mahali rangi inakimbilia mahali asipotaka, anachukua tishu, anaigusisha, anaivuta ile rangi, anaendelea kuongea kama hakijatokea kitu. Kuna mahali anainamisha ubao ili maji yashuke upande wa kivuli. Huko ni kuchagua, kila dakika anachagua hii iache, hii iondoe, na hicho ndicho tulicholipia tufundishwe! Ukimwambia mwanafunzi kila doa ni zuri unamnyima haki ya kujua kwanini ua lake moja linapumua na lingine limekufa.

Kwa ninavyoona mimi, dosari iliyoletwa na maji mara nyingi iache, na iliyoletwa na mkono kurudi rudi mahali pamoja hiyo ndiyo ya kuogopa. Rangi iliyovuja kutoka petali hadi petali, ukingo wa meno meno, nafasi nyeupe, petali kuzidi, vyote hivo vinampa ua uhai kwasababu vimetokea mara moja na vikaachwa. Tope halina msamaha, lile linalotokea ukipaka, ukapaka tena juu yake ikiwa nusu mbichi, ukaongeza na rangi ya tatu. Na kuna dosari ya tatu ambayo kozi haijaigusa kabisa, ua zima kuwa na uzito mmoja, halina giza halina mwanga. Hilo linawapata sana watu wa rangi za maji kwasababu rangi ikikauka inapauka, ulichokiona cheusi kikiwa kibichi kikikauka ni cha wastani. Piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ukiona ua lote limekuwa kijivu kimoja ujue ongezeko la giza kwenye koo la ua na chini ya petali litaliokoa, na hapo ongeza ikiwa imekauka kabisa, mpigo mmoja, toa mkono. Hili lingekuwa somo la dakika chache na lingeipa hii kozi nyota ya tano bila ubishi.

Upande wa huduma sina malalamiko makubwa. Vidio hazijaharakishwa, na hilo nalishukuru mno kwani kwenye rangi za maji muda wa kungoja ndio ufundi wenyewe, vidio iliyokimbizwa inakuficha kila kitu. Kamera iko juu ya karatasi na wakati mwingine ubavuni ili uone mng'ao. Sauti safi. Vidio zinashushwa kwenye simu ukaangalia bila intaneti. Kuna sehemu ya kutuma kazi yako upate maoni na hapo ndio kumepwaya, majibu yanachelewa na yakija ni "safi sana, endelea", yaleyale ya kila kitu ni kizuri. Mimi nilituma waridi nikauliza swali la moja kwa moja, kwanini petali za nje zinaonekana ziko mbele kuliko za ndani, nikajibiwa kwamba lina hisia nzuri. Jibu lenyewe lilikuwa rahisi tu, kingo za nje zilikuwa kali na za ndani zimeyeyuka, ingetakiwa kinyume.

Nani ainunue? Mtu anayechora tayari, anayejua kushika brashi lakini kazi zake zimebana, kila ua limekaza misuli, huyu anunue bila kufikiria mara mbili, somo la maji peke yake litambadilisha mkono. Anayeanza kabisa naye anaweza, ila ajue ataachwa bila msaada kwenye karatasi na kwenye giza na mwanga, atafute hayo pembeni. Anayetaka kuchora mimea kwa usahihi wa kitabu cha botania hii sio yake, atachukia kila dakika, na kuna kozi nzuri za huko. Na yule aliyeacha kuchora kwasababu kila alichofanya alikiona kibaya, kwa huyo naipendekeza kwa moyo wote, kwasababu pamoja na hayo yote niliyolalamika, huyu mwalimu ana upole wa kweli, anaketi na karatasi iliyovuja bila kuikunja na kuitupa, anaigeuza, anaitafuta, na mara nyingi anapata ua pale ambapo mwingine angeona hasara.

Ukiinunua, usifuate mpangilio wao. Fanya somo la maji, lirudie mpaka uwe unajua hatua ya tatu kwa mgongo wa kidole bila kuangalia, kisha nenda moja kwa moja kwenye hibiskasi kabla ya waridi, kwasababu petali tano zinakufundisha umbo haraka kuliko petali zilizofungamana. Majani yaruke, nenda kachore majani halisi yaliyo karibu nawe. Na usibonyeze hata vidio ya kwanza kabla hujapata karatasi ya pamba.